Kijana na Leseni ya Lori

Kikundi kimoja cha akina mama kiliniuliza: tumkopeshe kijana wetu wa miaka 19 apate leseni ya trela? Kwa sasa, hapana. Hapa Kenya leseni ya gari dogo ni kuanzia miaka 18, ya lori dogo 22, na ya lori kubwa lenye trela 28. Anayewaahidi ya trela leo kwa "kitu kidogo" anataka kuwala tu. Kijana akigonga mtu bila leseni halali, ni kesi, na mkopo wenu nani ataulipa?

Mkopesheni ada ya gari dogo kwanza. Halafu awe tanboi: ajue kufunga turubai, kubadilisha gurudumu, kusikiliza breki kwenye mteremko. Wenye malori huuliza uzoefu kabla ya kumpa mtu ufunguo.