Bata bukini wa Aktiki wanakimbiza safari, lakini vifaranga bado wanachelewa

Kila mwaka, baridi ikifika Ulaya, mbayuwayu wa kule wanateremka mpaka huku Kongo, na kiisha miezi michache wanarudia. Bata bukini wa pori, wale wenye Kifaransa kinawaita oie, nao ni wasafiri wakubwa, lakini hawafiki huku. Njia yao inabaki kaskazini ya dunia. Na ni fasi ile joto inaongezeka mbio zaidi: tangu 1979, Aktiki imepata joto karibu mara 4 kupita wastani wa dunia.

Tuchukue aina moja tu, ile yenye uso mweupe na shingo nyeusi. Bata mmoja ana uzito wa karibu kilo 2. Wakati wa baridi wengi wao wanakaa Uholanzi na Ujerumani, wanakula majani ya malisho ya ngombe. Majira yakibadilika wanaondoka, wanaruka zaidi ya kilometa 3.000 mpaka pwani ya kaskazini ya Urusi, kwenye wanataga mayai. Njiani wanasimama karibu na Bahari ya Baltiki na Bahari Nyeupe, wanakula sana. Mafuta yenye wanaweka mwilini yanawasaidia kuruka, lakini pia mama anayatumia kwa kutengeneza mayai na kwa kuvumilia siku karibu 25 za kulalia.

Mtu anaweza kuuliza: juu ya nini wasibaki Uholanzi, kama majani ni mengi? Zamani jibu lilikuwa kwa vifaranga. Kifaranga wa bata bukini halishwi na mama yake. Tangu mwanzo anatembea na kujitafutia majani mwenyewe. Na majani machanga ya Aktiki, yale yanaota mara tu theluji inapoyeyuka, yana protini nyingi. Tena kule, wakati wa joto, jua halizami, kwa hiyo kifaranga anaweza kula hata saa za usiku. Lakini utamu ule haudumu. Majani yakikomaa yanakuwa magumu na protini inapunguka. Yai linapaswa kupasuka wakati majani ni mazuri, si kiisha.

Sasa theluji inayeyuka mapema, na hapo ndipo hesabu inaharibika. Bata akiwa bado Uholanzi hana namna ya kujua kama theluji ya Urusi imekwisha. Alama yenye anafuata zaidi ni urefu wa mchana, na ule haubadiliki hata dunia ipate joto namna gani. Ni akisha kukaribia ndio anaona kwamba mambo yamemtangulia. Basi anakimbia.

Mwaka 2018 watafiti, kati yao Thomas Lameris wa Taasisi ya Ekolojia ya Uholanzi, walitangaza walichoona kwa ndege wenye walifungiwa vyombo vidogo vya kufuatilia safari. Theluji ikiyeyuka mapema, safari ya karibu mwezi mzima inafanywa kwa karibu wiki moja. Vituo vya kula vinarukwa. Bata wanafika mapema kweli, lakini wanafika mwili mtupu, na inawalazimu kula kwanza mbele ya kutaga. Siku zenye waliokoa angani wanazipoteza chini. Vifaranga wanatoka wakati majani bora yamekwisha kupita, na wengi zaidi wanakufa. Ni sawa mulimaji mwenye amekimbia kufika shambani mvua ya kwanza ikinyesha, kumbe mbegu hajatafuta.

Kuna kundi lingine lenye linaonyesha upande mwingine. Bata hawa wanapitisha baridi kwenye mpaka wa Scotland na Uingereza, kiisha wanaenda visiwa vya Svalbard, vya Norwe. Katika miaka ya 1940 walibaki karibu 300. Uwindaji ukakatazwa, leo ni makumi ya maelfu. Zamani kituo chao kilikuwa Helgeland, kwenye pwani ya Norwe. Utafiti wa 2019, wenye ulitumia kumbukumbu za miaka 45, ulionyesha kwamba wengi sasa wanasonga mbele zaidi, mpaka Vesterålen, kwenye majani yanaota mapema kuliko zamani. Vijana ndio wanabadilisha njia zaidi. Wazee wanapenda kurudia fasi walizozoea, hata kama fasi mpya ni nzuri. Njia inafundishwa, juu watoto wanasafiri pamoja na wazazi, kwa hiyo inaweza kubadilika.

Lakini huko Svalbard kuna adui mwenye joto limemuleta karibu: dubu mweupe. Kwa kawaida anawinda sili juu ya barafu ya bahari. Barafu ikiondoka mapema, anapanda nchi kavu na kula mayai. Dubu mmoja anaweza kumaliza viota vingi kwa muda mfupi, na kwa hilo bata hana dawa.

Wengine wameacha safari kabisa. Tangu miaka ya 1980 kuna bata bukini wa aina hii wanaotaga Uholanzi kwenyewe na kukaa mwaka mzima. Hapo joto si sababu peke yake, juu malisho yenye mbolea na kulindwa na sheria vimesaidia sana. Wafugaji wa ngombe wa kule ndio wanalalamika, na majimbo yanawalipa hasara ya majani.