Kuchagua Pedi za Breki kwa Gari la Kuvuta Trela

Katika nchi yetu ni jambo la kawaida kuona pikapu ikivuta trela iliyojaa viazi kutoka Kinangop, au magunia ya mahindi kutoka Uasin Gishu, au tangi la maji. Wenye magari hayo huangalia sana nguvu za injini, kwa maana gari lisilo na nguvu halipandi mlima. Lakini mlima uliopandwa hauna budi kushukwa, na hapo kazi kubwa ni ya breki. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari la namna hii ajue jinsi ya kuchagua pedi mpya wakati zile za zamani zinapokwisha.

Jambo hili si la mwenye gari peke yake. Tarehe 30 Juni, 2023, katika njia panda ya Londiani, lori zito lilimshinda dereva, likawagonga watu waliokuwa kando ya barabara, wengine wakifanya biashara na wengine wakingojea magari. Walikufa watu zaidi ya 50. Ajali zina sababu nyingi, wala si kila moja hutokana na breki. Lakini siku ile ilionekana wazi ni akina nani huumia gari zito lisipozuilika.

BREKI NA JOTO

Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pedi mbili, nazo huibana diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Nguvu za mwendo wa gari hazipotei bure. Hugeuka kuwa joto, kama vile viganja vya mtu vipatavyo moto akivisugua wakati wa baridi. Uzito ukiwa mara mbili, joto huwa mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, joto la kulisimamisha gari huwa mara nne.

Tufanye hesabu ndogo. Pikapu pamoja na mzigo wake ina uzito wa kilo 2,500, na trela yake kilo 1,500. Jumla kilo 4,000. Ikiteremka mlima wenye kimo cha mita 500 bila kuongeza mwendo, joto litokalo latosha kuchemsha lita 58 za maji ya kawaida, yaani karibu madebe matatu. Dereva akitumia gia ndogo, sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na injini. Akishuka kwa gia kubwa, karibu mzigo wote huziangukia breki.

Pedi zikipata joto kupita kiasi, gundi iliyoshikanisha vitu vilivyomo huanza kuungua na kutoa hewa, na msuguano hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu zote, kanyagio ni gumu kama jiwe, lakini gari halisimami. Wahenga walisema ya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: dereva aliyekaa kitini hausikii uzito wa trela, lakini breki zausikia.

AINA TATU ZA PEDI

Aina ya kwanza ni pedi zisizo na chuma, ambazo hutengenezwa kwa nyuzi, mpira na gundi. Bei yake ni nafuu, hazipigi kelele, nazo zafaa gari dogo la mjini. Lakini joto la kuvuta trela huzishinda, na huisha upesi.

Aina ya pili ni pedi za kauri. Vumbi lake ni kidogo, nazo hudumu. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya magari madogo ya abiria. Kwa hiyo usizinunue kwa kazi ya trela isipokuwa mtengenezaji ameandika ya kwamba ni za kazi nzito.

Aina ya tatu ni pedi zilizochanganywa na chuma, ambacho mara nyingi huwa kati ya sehemu 30 na 65 katika kila 100 za uzito wake. Hizi huvumilia joto jingi, na kwa kawaida ndizo zifaazo gari la kuvuta. Hata hivyo zina taabu zake: hupiga kelele, huleta vumbi jeusi, hula diski upesi zaidi, na asubuhi ya baridi huenda zisishike vizuri mpaka zipate moto kidogo.

Zamani pedi nyingi zilitiwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu mwaka 2005. Usinunue pedi zenye asbesto, na fundi asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Na alifute kwa kitambaa kilicholowa maji.

HERUFI ZA KUANGALIA

Pedi nyingi zina namba zilizopigwa chapa, na mwishoni herufi mbili. Herufi ya kwanza huonyesha msuguano wa pedi katika joto la kawaida. Ya pili huonyesha msuguano wakati wa joto jingi. E ni kutoka 0.25 hadi 0.35, F ni kutoka 0.35 hadi 0.45, na G ni kutoka 0.45 hadi 0.55. Basi pedi ya FF hubaki katika daraja moja hata ikipata moto, bali ya FE hushuka. Mwenye trela na aitazame sana herufi ya pili. Lakini herufi hizi hazielezi pedi itadumu muda gani, wala si vema kutafuta iliyo kali kuliko zote, maana breki za mbele na za nyuma lazima zipatane. Fuata daraja aliloliweka mtengenezaji wa gari.

Pedi zilizopimwa kwa kanuni za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na alama 90R. Maana yake ni kwamba msuguano wake hautofautiani na wa pedi za asili kwa zaidi ya sehemu 15 katika 100. Pedi isiyo na alama yoyote wala jina la mtengenezaji, iache dukani hata ikiwa bei yake yavutia. Dai risiti daima.

KUZITIA NA KUZITUNZA

Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya ekseli moja kwa pamoja, la sivyo gari litavutwa upande. Usingoje chuma kikwaruze chuma. Unene wa pedi ukikaribia milimita 3, gari la trela lipelekwe kwa fundi. Mwambie aipime diski pia, kwa maana diski iliyokwisha haiwezi kubeba joto.

Pedi mpya haziko tayari kwa mlima. Kwanza endesha bila trela, ukipunguza mwendo polepole mara nyingi na kuziacha zipoe, kama mtengenezaji alivyoagiza.

Mafuta ya breki nayo hunywa maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za sentigredi, lakini yakiisha kuingia maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Hapo kanyagio huwa laini na kuzama hata sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Mwisho, pedi nzuri haziondoi haja ya trela nzito kuwa na breki zake yenyewe, wala haja ya kushuka kwa gia ndogo tangu juu ya mlima. Dukani pedi zote ni baridi, na kwa mkono zote zafanana. Kabla ya kutaja bei, mwambie mwenye duka uzito wa gari lako, uzito wa trela yako, na mlima unaoushuka.