Sumaku na Umbo la Protini Katika Ugonjwa wa Alzheimer

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao unaongoza miongoni mwa maradhi yanayowapokonya wazee kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huacha ndani ya ubongo alama mbili ambazo daktari Mjerumani Alois Alzheimer alizieleza mwaka 1906: mabonge yaliyotuama baina ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo inafahamika kwamba mabonge hayo hutokana na beta-amiloidi, kipande cha protini chenye asidi amino zipatazo 40 au 42, na kwamba nyuzi za ndani ya seli ni za protini nyingine iitwayo tau. Asidi amino ni viungo vya kikemia vinavyoungana kufanya mnyororo wa protini, na kazi ya protini nyingi mwilini hutegemea namna mnyororo huo unavyojikunja. Ndiyo maana suala la umbo limepewa uzito mkubwa na watafiti, kwa kuwa kipande kilekile cha beta-amiloidi hupatikana pia katika mwili wa mtu mwenye afya, na madhara huanza pale vipande vingi vinapobadili umbo na kugandamana.

Kulijua umbo hilo hakukuwa jambo jepesi. Njia iliyozoeleka ya kuchunguza protini kwa eksirei hudai kwamba protini igeuzwe kwanza kuwa fuwele, ilhali nyuzi za amiloidi hazikubali kufanya fuwele wala haziyeyuki katika maji. Pengo hilo lilizibwa na spektroskopia ya rezonansi ya sumaku, elimu iliyotokana na ugunduzi wa Felix Bloch na Edward Purcell, wanafizikia wa Marekani waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Msingi wake ni kwamba viini vya baadhi ya atomu, kama vile hidrojeni, kaboni-13 na nitrojeni-15, vina usumaku mdogo wa asili. Vikiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu na kupigwa kwa mawimbi ya redio, huitikia kwa masafa maalumu, na masafa hayo hupanda au kushuka kidogo kulingana na atomu zilizo jirani. Mtaalamu anayesoma masafa hayo huweza kutambua atomu ipi iko karibu na ipi, na kutokana na ujirani huo akalijenga upya umbo zima. Kipimo cha MRI cha hospitalini hutumia fizikia hiyohiyo, ila chenyewe hutegemea hasa hidrojeni ya maji ya mwilini ili kupata picha ya kiungo, na sumaku yake kwa kawaida huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, wakati sumaku za maabara za protini huweza kupita tesla 20.

Kwa protini zilizoyeyuka majini njia hii ilikomaa mapema, na Kurt Wüthrich wa Uswisi alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002 kwa mchango wake humo. Nyuzi za amiloidi, kwa kuwa ni yabisi, hutoa ishara zilizotandaa na kuingiliana, na dawa yake ni kuzitia katika kikopo chenye upana wa milimita chache kinachoinamishwa kwa pembe ya digrii 54.7 kutoka uelekeo wa sumaku, kisha kikazungushwa kwa hewa yenye shinikizo maelfu ya mara kwa sekunde mpaka ishara zikajitenga. Zaidi ya hayo, kaboni-13 ni kama asilimia moja tu ya kaboni yote ya asili, hivyo protini ya uchunguzi hutengenezwa kwa kemia au na bakteria waliopandikizwa jeni na kulishwa glukosi yenye kaboni hiyo adimu.

Kwa njia hii Robert Tycko na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walionyesha kwamba molekuli za beta-amiloidi hulala sambamba ndani ya uzi, kila asidi amino ikiwa juu ya mwenzake wa aina ileile, mfano wa sahani zilizopangwa kabatini. Jambo zito zaidi lilidhihirika mwaka 2005, pale protini ileile ilipotoa nyuzi za maumbo mawili kwa sababu tu mchanganyiko mmoja ulitikiswa na mwingine ukaachwa utulie, na kila umbo likaweza kujizalisha upya katika protini mpya. Ugunduzi huo ulitia shaka ya haki juu ya nyuzi za maabara: je, ndizo zilizomo katika ubongo wa mgonjwa? Mwaka 2013 kundi hilo lilichukua amiloidi kutoka ubongo wa wagonjwa wawili waliofariki, likaitumia kama mbegu ya kuotesha nyuzi zenye kaboni-13, na ikaonekana kwamba kila mgonjwa alikuwa na umbo lake. Uchunguzi mpana wa mwaka 2017 ulibaini kwamba katika ugonjwa wa kawaida, unaoenda polepole, nyuzi za beta-amiloidi yenye asidi amino 40 zilikuwa na umbo moja lililotawala, ilhali kwa wagonjwa waliodhoofika haraka maumbo mengine yalijitokeza kwa wingi zaidi. Matokeo haya yanastahili kuzingatiwa kuliko yanavyozingatiwa, kwa kuwa yanadokeza kwamba watu wanaopewa jina moja la ugonjwa huenda hawabebi kitu kimoja vichwani mwao.

Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa Cambridge walipata umbo la nyuzi za tau zilizotolewa moja kwa moja katika ubongo wa mgonjwa, wakitumia hadubini ya elektroni inayofanya kazi katika baridi kali. Hata hivyo, hadubini hiyo huona vizuri kiini kigumu cha uzi tu, ilhali sehemu kubwa ya tau hubaki ikichezacheza nje ya kiini hicho, na hapo rezonansi ya sumaku bado ina nafasi yake, kama ilivyo kwa vijibonge vidogo vya mwanzo vya beta-amiloidi ambavyo havijawa nyuzi kamili. Vijibonge hivyo vinashukiwa sana kuwa ndivyo vyenye sumu kwa seli za neva, na dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, iliundwa ili kuving'ang'ania kabla havijakomaa.