Hewa, Anga na Hali ya Hewa: Upimaji wa Kemia ya Angahewa Duniani na Istilahi Zake katika Kiswahili

Makala haya yamekusudiwa kueleza jinsi mataifa yanavyoshirikiana kupima kemia ya angahewa na kuchunguza mwenendo wa hali ya hewa, na papo hapo kuonyesha mahali ambapo Kiswahili hukwama kinapotakiwa kuieleza kazi hiyo. Yamkini msomaji atashangaa kuyaona mambo ya gesi na mitungi katika jarida la lugha. Sababu yake ni hii. Niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la tafsiri taarifa fupi juu ya gesi zinazoipasha dunia joto. Taarifa ile ilikuwa na sentensi moja iliyoonya kwamba mambo mawili yasichanganywe. Karibu nusu ya darasa waliniletea maneno haya: "Hali ya hewa isichanganywe na hali ya hewa." Tulicheka, lakini nilipokaa kusahihisha niliona kwamba wanafunzi wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wametumia Kiswahili kama kilivyo redioni na magazetini. Kosa lilikuwa letu sisi tunaowafundisha.

Hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Mataifa yalianza kupatana juu ya upimaji wa hali ya hewa zamani kidogo. Mkutano wa kwanza wa kimataifa ulifanyika Vienna mwaka 1873, na hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya iliyokuja kurithiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mkataba wa shirika hilo ulitiwa sahihi mwaka 1947, ukaanza kutumika tarehe 23 Machi 1950. Makao yake yako Geneva. Sababu ya kupatana haikuwa mapenzi matupu: upepo hauna paspoti, na nchi iliyotaka kujua mvua ya kesho ilihitaji vipimo vya jirani vya leo. Ila kwa miaka mingi vipimo hivyo vilihusu joto, kani ya hewa, upepo, unyevu na mvua tu. Kwamba hewa yenyewe imeumbwa na nini, na kwamba muundo wake unaweza kubadilika, hilo halikuwashughulisha watabiri.

Mabadiliko yaliletwa hasa na Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 hadi mwisho wa 1958. Katika kipindi hicho Charles Keeling alianza kupima kaboni dioksaidi juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, naye alipata kwamba katika kila molekuli milioni moja za hewa kavu, kama 315 zilikuwa za gesi hiyo. Katika kipindi hicho hicho Waingereza walianza kupima ozoni katika kituo cha Halley, Bara la Antaktika. Walitumia chombo kilichobuniwa na G. M. B. Dobson wa Oxford katika miaka ya 1920. Kazi zote mbili zilionekana kuwa za kuchosha. Kupima kitu kile kile, mahali pale pale, kwa namna ile ile, mwaka baada ya mwaka, si kazi impatiayo mtu sifa. Lakini mwaka 1985 Farman, Gardiner na Shanklin walitangaza kwamba ozoni ya Halley katika mwezi wa Oktoba ilikuwa imepungua mno ikilinganishwa na ile ya miaka ya mwanzo. Waliaminiwa kwa sababu kipimo chao kilikuwa cha aina moja tangu mwanzo. Mnamo 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuzipunguza kemikali zilizokuwa zikiila ozoni. Huo ni mfano adimu wa serikali kutenda kabla ya wote kuathirika.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliunganisha mtandao wake wa kupima ozoni na ule wa kupima uchafuzi wa hewa, likaanzisha mpango mmoja ambao hapa nitauita Ulinzi wa Angahewa Duniani. Mpango huo una vituo kama thelathini vya daraja la dunia, na mamia ya vituo vya daraja la kanda. Takwimu hukusanywa katika hazina maalumu: za gesijoto hupelekwa Tokyo, za ozoni na miali ya jua hupelekwa Toronto, na za chembe zinazoelea hewani hutunzwa Norwe.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu atalielewa upesi kuliko mwanakemia. Chombo cha kupimia gesi hakijui hesabu, kinajua kulinganisha tu. Ili kiseme kwamba hewa ya leo ina sehemu 420 katika milioni, sharti kwanza kilishwe hewa ambayo kiasi chake kinajulikana. Hewa hiyo hutiwa katika mitungi, na mitungi hiyo hulinganishwa na mitungi mingine, hadi tunapofika kwenye mitungi mikuu iliyotunzwa Boulder, katika jimbo la Colorado, Marekani. Huko huko Boulder hutunzwa chombo cha Dobson nambari 83 ambacho ni mzani wa vyombo vya Dobson vya dunia nzima. Tuseme pishi ya mchuuzi huyu haitoshani na ya yule. Mchele wao hauwezi kulinganishwa, hata kama kila mmoja ni mwaminifu dukani mwake. Ndivyo ilivyokuwa kwetu mwaka 1928, ulipofanyika mkutano wa Mombasa na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ndiyo kazi waliyokabidhiwa wanakamati wa lugha walioanza kukutana mwaka 1930. Kuna waliolalamika wakati ule, na wapo wanaolalamika hadi leo, wala malalamiko yao si ya bure: kuchagua mzani mmoja ni kuiacha mizani mingine ivie. Hata hivyo, pasipo mzani hakuna kulinganisha.

Usahihi unaotakiwa ni mkali. Vituo vinavyopima kaboni dioksaidi katika nusu ya kaskazini ya dunia vinatakiwa visitofautiane zaidi ya sehemu moja ya kumi katika milioni, na vile vya kusini, ambako hewa haibadiliki sana, nusu ya kiasi hicho. Tena mzani wenyewe hurekebishwa. Mzani wa mwaka 2007 ulipoacha kutumika na nafasi yake kuchukuliwa na ule wa 2019, tofauti ilikuwa chini ya nusu ya sehemu moja katika milioni, lakini takwimu za miaka mingi zilibidi zikokotolewe upya. Anayekumbuka ugomvi wa kubadili tahajia ataelewa uzito wake.

Sasa tuje nyumbani. Kituo kimoja cha daraja la dunia kiko kwetu, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Kilizinduliwa mwaka 1999, nacho huendeshwa na idara yetu ya hali ya hewa kwa msaada wa kitaalamu wa Waswisi. Ukitazama ramani ya vituo utaona thamani yake mara moja: Ulaya imejaa nukta, Afrika ya Ikweta ni karibu tupu. Kituo hiki kiko kusini ya mstari wa Ikweta kwa kilomita saba hivi. Mchana jua hupasha miteremko, upepo ukapanda kutoka mashambani na misituni ukiwa umebeba moshi na harufu za huko. Usiku upepo hushuka, na ndipo chombo kinapoivuta hewa safi ya juu isiyoguswa na majirani. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua habari za bara zima husoma vipimo vya usiku. Kituo kiko mbali, umeme wake umewahi kukatika mara kwa mara, na mapengo yaliyomo katika takwimu zake hayawezi kuzibwa tena. Hewa isiyopimwa siku yake imekwisha kwenda zake.

Lakini lililonivutia zaidi ni jambo la pepo. Vipimo vya mlimani havisomeki vizuri pasipo kujua hewa imetoka wapi. Katika miezi ya Desemba hadi Machi huja kutoka upande wa Arabuni na bahari ya kaskazini, ikiwa na kaboni monoksaidi nyingi zaidi, kwa kuwa nusu ya kaskazini ya dunia ndiyo yenye viwanda na magari mengi. Katikati ya mwaka hewa nyingi huja kutoka Bahari ya Hindi ya kusini. Manahodha wa Lamu na Mombasa walikuwa na majina ya pepo hizo karne nyingi kabla ya mitungi ya Boulder: kaskazi na kusi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilimsikia mhadhiri mmoja akisema kwamba lugha za Kiafrika hazina msamiati wa sayansi ya anga. Sikujibu siku ile. Ningemjibu leo kwamba neno moja, kaskazi, linabeba upepo, majira, chanzo cha hewa na safari ya jahazi, na kwamba lugha yake inahitaji kifungu kizima kuyataja hayo.

Isije ikadhaniwa, basi, kwamba ninasifu tu. Msamiati wa bahari haukufika kwenye gesi, na tulipojaribu kuufikisha tulifanya makosa. Chukua ozoni. Tumezoea kusema "tabaka la ozoni" na "tundu la ozoni", na msikilizaji hupata picha ya shuka iliyotandazwa angani na kutoboka. Ukweli ni kwamba ozoni imetawanyika katika kilomita nyingi za anga. Kama ingekusanywa yote ikashushwa hadi chini, unene wake ungekuwa kama milimita tatu tu. Kinachoitwa tundu ni upungufu. Tena kutokana na picha ya shuka lililotoboka, watu wengi wameamini kwamba joto la dunia huingia kupitia tunduni, na hata vitabu vya shule nimevikuta na dhana hiyo. Kisa cha ozoni na kisa cha joto ni viwili tofauti, ijapokuwa vinagusana. Aidha ozoni ya juu hutukinga na miali ya jua, ilhali ile ya chini, itokanayo na moshi wa magari uliopigwa na jua, hudhuru mapafu na mimea. Mlima Kenya hupima ya chini. Kifaa cha Dobson kilichoko Nairobi tangu miaka ya 1980 hupima jumla. Na puto zinazorushwa Nairobi kila juma hupima ngazi kwa ngazi. Anayesema "ozoni" bila kutaja ipi hajasema kitu.

"Gesi chafu" nalo ni neno la kuachwa. Kaboni dioksaidi hatuioni, hatuinusi, na pasipo hiyo muhindi hauoti. Uovu wake uko katika wingi: wastani wa dunia ulifika sehemu 420 katika milioni mwaka 2023. Mkulima akiambiwa gesi chafu atafikiria moshi wa lori. Wenzetu wa Tanzania wamependekeza "hewa ukaa" na "gesijoto", nami nayaona yana maana zaidi, hasa la pili, kwa kuwa linataja kazi ya gesi wala halitoi hukumu.

Upo pia upande wa utabiri. Siku hizi utafiti wa hali ya hewa na ule wa kemia ya angahewa umewekwa chini ya paa moja huko Geneva, kwa sababu vumbi na moshi huathiri mawingu na joto la mchana. Mfano wa karibu wa utafiti wa hali ya hewa ni Ziwa Viktoria. Dhoruba za ziwani hupenda kuzuka usiku na alfajiri, wakati pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji, na huo ndio wakati wavuvi wako kazini. Kati ya 2017 na 2020 palikuwa na mradi wa pamoja wa idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda uliokusudia kuboresha maonyo kwao. Hapo swali la lugha si la darasani tena. Kwanza, "utabiri" ni neno tunalomtumilia pia mpiga ramli, na mvuvi anayo haki ya kutia shaka. Pili, utabiri wa kisasa husemwa kwa uwezekano, nasi tuna "huenda", "yamkini", "labda" na "pengine" bila kupatana lipi lina uzito gani. Onyo likisema "huenda mawimbi yakawa makubwa", mvuvi mmoja atabaki pwani, mwingine atatweka tanga, na wote wawili watakuwa wamelielewa neno sawasawa.

Lugha rasmi za Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni sita, na Kiswahili hakimo. Kamusi zake hazitatufanyia kazi hii. Rai yangu ni kwamba "hali ya hewa" liachiwe mambo ya leo na kesho, "tabianchi" lishike wastani wa miaka mingi, na "angahewa" liwe jina la tando lote la hewa inayoizunguka dunia. Kwa maneno ya uwezekano ningependa tukae pamoja na watabiri na wavuvi wenyewe, tupange ngazi nne au tano, kisha tuzijaribu Kisumu na Homa Bay kabla ya kuzichapisha. Limebaki neno moja lililonishinda, la zile chembe ndogo zinazoelea hewani. Wapo waliopendekeza "vumbi", lakini chumvi ya bahari si vumbi, wala moshi wa nyika zinazoungua si vumbi. Kwa sasa naandika "erosoli", nami nitalifuta kwa furaha atakapotokea mwenye neno bora.