Taamuli kwa Mgonjwa wa Saratani Aliyetengwa

Mvuvi wa Katonga, mkoani Kigoma, apatwapo na saratani, huenda akasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu hudhuru pia uboho wa mifupa, nazo chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hupungua. Hapo mgonjwa aweza kutengwa asiambukizwe maradhi mengine. Kutengwa humkinga, lakini humwachia hofu na upweke.

Je, taamuli yaweza kumfaa? Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Marekani alieleza kwamba mtu atuliaye akirudia neno moja, mapigo ya moyo na kasi ya pumzi hupungua. Mgonjwa hufumba macho, huvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Fikra zikitangatanga, huzirejesha bila kujilaumu. Aliyezoea ziwa aweza kuyawazia mawimbi yakija na kurudi.

Taamuli haiponyi saratani, wala haishiki nafasi ya dawa; hofu ikizidi, muuguzi aarifiwe. Hupunguza wasiwasi tu. Kwa mtu asiyeweza kushikwa mkono na nduguze, hilo si jambo dogo.