Kilichomtia Njiani Daktari Burkitt

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji wa serikali aitwaye Denis Burkitt aliitwa na mwenziwe, Dk. Hugh Trowell, akamtazame mtoto mmoja mwanamume. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, meno yamelegea na sura imeharibika. Burkitt hakupata kuona maradhi yanayoshika pande zote nne za taya kwa wakati mmoja, wala hakuwa na dawa ya kumpa. Baada ya wiki chache alikwenda Jinja kikazi. Akiwa wodini alichungulia dirishani, akamwona mtoto mwengine amekaa nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Alipompima alimkuta na uvimbe tumboni pia. Hapo ndipo utafiti ulipoanza, na ulianza kwa sababu daktari yule alikataa kusema, kama tusemavyo wengi wetu maofisini, kwamba mambo mawili yaliyofanana yamesadifu tu.

Msomaji atauliza, Burkitt ana lipi na sisi wa visiwani? Analo, na tutalifikia.

Bwana huyu alizaliwa Ireland mwaka 1911, na utotoni alipotelewa na jicho moja. Alikuwa mshika dini, na alikuja Afrika kutibu. Saratani haikuwa katika fikra zake. Lakini alikuwa na tabia moja: kila aonacho alitaka kujua kinapatikana wapi, na wapi hakipatikani. Alipokuwa Lira, kaskazini ya Uganda, katika miaka ya 1940, alipasua mabusha mengi, akatanabahi kwamba wagonjwa wake wengi hutoka mashariki ya wilaya, na magharibi hutoka wachache mno. Akalifuatilia jambo hilo na kuliandika. Sisi watu wa mwambao, ambao busha na matende tunayajua kwa jina na kwa nyumba, hatuna haja ya kuelezwa kwamba maradhi yana mitaa yake.

Watu hupenda kuamini kwamba daktari anayejitia katika utafiti wa saratani huwa amesukumwa na msiba wa nyumbani kwake. Wako wa namna hiyo, na hatuwadharau. Burkitt alisukumwa na majalada. Aliporejea Mulago alifungua kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wenye uvimbe wa taya, wengine wa figo, wengine wa ini au ovari, kila mmoja ameandikiwa maradhi yake mbali. Yeye aliona kwamba huenda yote hayo ni maradhi mamoja, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza. Si haki kumpa sifa yote peke yake. Dk. Albert Cook wa Mengo alikwisha kuuona uvimbe wa namna hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita. Jack Davies wa Makerere alikuwa akisimamia orodha ya wagonjwa wa saratani. Na Gregory O'Conor, kwa hadubini, alionesha kwamba saratani hii ni ya chembe za limfu. Ama wauguzi na waganga wasaidizi wa Kiafrika, waliowapokea watoto hao na kuzungumza na mama zao, majina yao hatuyasikii.

Kisha Burkitt alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza: je, mmeyaona maradhi haya? Kila jibu la ndiyo lilichomekewa pini katika ramani ukutani. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu la Ford, wakazunguka wiki kama kumi, maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini ya Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Walibaini kwamba karibu na ikweta maradhi hayapandi milimani zaidi ya mita 1,500 hivi, na kadiri mtu anavyokwenda kusini ndivyo mpaka huo unavyoshuka. Yanataka joto na mvua. Aliyekulia pwani atajua nani mwengine anayetaka joto na mvua: mbu.

Mwaka huo huo, Burkitt alipohutubia London, alikuwapo msikilizaji aitwaye Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe hizo. Ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani. Lakini kirusi hicho kimeenea dunia nzima, na maradhi haya hayakuenea dunia nzima. Kwa nini?

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapoingia. Unguja na Pemba zina joto na mvua kama pwani ya bara iliyo mkabala nazo, na bara maradhi hayo yalikuwapo. Visiwani yalikuwa adimu. Tofauti iliyoonekana ni kampeni dhidi ya malaria, iliyoendeshwa hapa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968. Wazee wetu wanawakumbuka wapuliza dawa waliokuwa wakiingia chumba kwa chumba. Jambo hilo likawa miongoni mwa hoja za wale waliosema kwamba malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi kile, ndiyo humfikisha mtoto kwenye saratani hii. Na ndiyo rai inayokubalika leo. Kampeni ilipokoma malaria ilirejea, na ilitubidi tuanze upya.

Sasa tuwageukie viongozi. Mwandishi wa safu hii aliwahi kufika katika kituo kimoja cha afya, ambacho hatutakitaja, akaruhusiwa kutazama daftari la wagonjwa. Pahala pa kuandika shehia, kurasa nzima ziliandikwa "Unguja", na chini yake vinukta viwili viwili hadi mwisho. Umri wa watu wazima wote ulikuwa "M.M.". Karani hakuwa mvivu. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba safu ile husomwa. Tunawasomesha vijana wetu udaktari kwa gharama kubwa, na tunawataka wawe watafiti. Watatafiti nini, ikiwa hatujui mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi ametoka Makunduchi au Nungwi?

Tunawaomba wakuu wa wilaya, watakapozuru vituo safari ijayo, waombe daftari hilo na kusoma safu ya shehia kabla ya kutia saini kitabu cha wageni.