Mtalii wa Kwanza wa Lualaba Anakaa Kolwezi

Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai, barabara ya Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi hujaa familia. Mume na mke wamepakia watoto, mikeka na zawadi, wanakwenda kusalimia wazee na mashemeji. Hakuna anayewaita watalii. Utalii ukitajwa, wengi wetu tunamfikiria mgeni atakayeshuka kwenye ndege na dola zake, naye hajaonekana kwa wingi mpaka leo. Mimi naona kwamba utalii wa jimbo la Lualaba umekwisha kuanza, na umo ndani ya magari hayo ya familia. Yanapita bila kusimama kwa sababu hakuna aliyeyaandalia mahali pa kusimama.

Maana vya kuona vipo. Karibu na Kolwezi kuna ziwa la Nzilo, lililotokea mwanzoni mwa miaka ya 1950 mto Lualaba ulipozibwa ili migodi ipate umeme. Mto huo ndio unaoitwa Kongo ukishapita maporomoko ya Boyoma huko Kisangani. Mbele zaidi, Fungurume, kuna vilima vya shaba ambako miti mikubwa haioti, kwa kuwa madini yenyewe ni sumu kwa mimea mingi. Lakini uko mmea mdogo wa jamii ya mrehani, wenye maua ya zambarau, unaostawi papo hapo. Wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, na wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali ambapo mababu walikuwa wakiyeyusha mukuba, yaani shaba. Mtoto wa Kolwezi husikia habari za kobalti tangu anapoanza kutambaa. Akiinama mbele ya ua hilo atajua kwamba ujuzi wa shaba ulikuwepo katika nchi hii kabla ya kampuni yoyote, na kwamba wenye ujuzi huo walikuwa watu wake.

Kituo ambacho mimi ningekitanguliza ni Bunkeya, kaskazini-mashariki ya Likasi. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara Msumbwa aliyetoka upande wa magharibi wa Tabora, katika Tanzania ya leo, aliweka hapo makao ya ufalme wa Garenganze katika karne ya 19. Misafara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa ilitoka Bunkeya ikielekea mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Benguela. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliokuja kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Warithi wake wangali wanashika kiti cha Mwami wa Wayeke. Watoto wasimuliwe yote, biashara ya watumwa pia, wala isifichwe kwa kuona haya. Katika nchi yetu ni pachache ambapo familia inaweza kuifikia kwa gari historia nzito kiasi hicho na kuikuta bado ina wenyewe.

Wako watakaosema kwamba njiani hakuna cha kutazama ila vumbi na ardhi iliyochimbuliwa, jangwa lililotengenezwa na binadamu. Ni kweli, jangwa hilo lipo. Kwa miongo mingi mabaki ya viwanda vya Kolwezi yalimwagwa katika bonde la Musonoi, na leo yanachakatwa upya ili kutoa shaba na kobalti iliyoachwa mle. Kiangazi majani ya kando ya barabara hugeuka rangi ya udongo. Lakini kufumba macho hakuliondoi jangwa hilo. Familia ikisimama mahali salama, baba na mama wakaeleza hapa palikuwa nini na nani alifaidika, watoto watakuwa raia wanaojua la kudai. Ardhi tunayoijua kwa jina la kibali cha mgodi tu ni rahisi kutuponyoka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni usalama. Barabara hii ni ya malori kwanza. Yapo yanayobeba tindikali ya viwandani, na yapo ya shaba, ambayo yanamshangaza asiyeyazoea: bamba zenye rangi ya waridi, zimefungwa mafungumafungu kwa mikanda ya chuma, zimeinuka kidogo tu juu ya sakafu ya lori. Anayeliona hudhani halijajaa, kumbe limefika mwisho wa uzito wake, na halisimami upesi breki ikikanyagwa. Kwa hiyo simshauri mtu asafiri usiku na watoto. Lakini hatari hii inaziangukia familia hizo hata sasa, maana kwenda kwa bibi hakuahirishwi kwa sababu ya malori. Vituo vya kupumzikia vitaipunguza, kwa kuwa dereva anayejua mbele kuna kivuli, choo safi na bukari ya moto hana haja ya kukimbizana na lori la tindikali.

Na fedha? Wenye magari ni wachache, sikatai. Wengi husafiri kwa mabasi, na basi nalo linaweza kusimama nusu saa. Kenya ilipofungiwa wageni na Korona mwaka 2020, hoteli zake ziligeukia wananchi ili zisizime kabisa. Tanzania huwatoza raia wake kiingilio cha hifadhi kidogo mno kuliko cha mgeni wa ng'ambo. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mafunzo haya yako jirani. Magari tayari yanalipa peaje, ushuru wa barabara. Sehemu ya fedha hiyo ijenge vyoo na vibanda vya kivuli Nzilo na Fungurume, iweke kibao kinachoonyesha njia ya kwenda Bunkeya, na kuwafundisha vijana wa huko kazi ya kuongoza wageni kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo, na ikianza mvua zikikatika, familia za Julai zitaikuta.